Siku Mwanaidi Alipoanguka Bombani

Mama Mwanaidi,

Barua tulizofundishwa shuleni zilianza kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa. Yako siiulizi, naogopa jibu. Ya kwetu nitakueleza yote, maana ulipokuwa hai nilikuwa nikikuficha nusu, nawe ukaijua kabla sijavua viatu.

Mwanao ni mzima. Naanza na hilo ili roho yako isiruke. Yuko hapa nyuma yangu, amekaa mkekani anachambua mbegu kwenye sufi, na kila akimaliza fungu moja ananipigia kelele nigeuke nione. Lakini Jumanne alianguka akajigonga kichwa, na tangu Jumanne mimi ndiye si mzima.

Tangu ulipotutoka, masika imekuja ikaisha. Meno mawili ya mbele ya Mwanaidi yameng'oka, akisema upepo unapita. Bi Tausi mwenye nyumba ndiye anayemsuka, na hataki kulipwa hata kwa kuni. Mimi bado nashona magodoro kwenye kibanda kilekile karibu na soko, na sufi bado inaniganda ndevuni, ila sasa nafika nayo mpaka nyumbani na kulala nayo, maana hakuna wa kunishika kidevu na kuitoa moja moja huku akinisema.

Maji nachota mwenyewe. Wiki ya kwanza wanawake wa bombani walinicheka mpaka ndoo ikanitoka mkononi. Mmoja akaniambia, "Karibu Bi Harusi, leo mbona umekuja bila ushungi?" Baadaye wakazoea. Siku hizi nikichelewa wananiwekea nafasi kwenye foleni. Mwanaidi kila asubuhi alikuwa ananing'ang'ania nimwache naye aende na kopo lake, nami namwambia, subiri ukue.

Jumanne sikumwambia asubiri.

Nilikuwa na magodoro mawili ya arusi ya mtu wa Ilala, anayataka adhuhuri. Nilikuwa nimeyaleta nyumbani ili nishone uani penye nafasi. Sufi imenijaa puani na mdomoni, kiu imenishika, na mtungi mkavu. Nikamwambia, "Mwanaidi, chukua lile kopo la samli, kachote ya kunywa tu." Nililisema hilo bila hata kuinua macho kwenye sindano. Yeye akaondoka akiruka kwa furaha. Sikumwona akitoka, Zuhura. Nilisikia tu miguu yake.

Unapajua pale bombani, kwenye simenti iliyoota utelezi wa kijani, ambapo wewe mwenyewe ulikuwa ukivua ndara ili usiteleze. Aliteleza akaenda chali, kisogo kikagonga ukingo. Nasikia mlio ulisikika hadi upande wa pili wa barabara. Wakamleta wanawake wawili, mmoja kamshika huku na mwingine huku, naye anatembea mwenyewe, kopo mkononi.

Hakuwa analia, na hilo ndilo lililonitia baridi mwilini kwenye jua la saa nne. Akanitazama akasema, "Baba, maji yako wapi?" Nikamwambia yamemwagika, si kitu mwanangu. Akainamia kopo, halafu, "Baba, maji yako wapi?" Nikamjibu tena. Akauliza mara ya tatu, kwa sauti ileile, kama hajauliza kamwe. Wale wanawake wakatazamana. Mmoja wao alijifunga kanga upya, na mimi nikaona vile walivyojifunga kanga siku yako.

Nilimbeba mgongoni hadi kwenye zahanati. Dresa aliyetupokea, msaidizi wa daktari, ni kijana wa bara, mpole, ana miwani iliyofungwa uzi. Alimmulika macho kwa tochi, akamshika uvimbe, akamtembeza juu ya mstari wa sakafu, akamwuliza jina lake na la mamaye. Mwanaidi akajibu. Dresa akasema, jeraha ni dogo, mrudishe nyumbani apumzike. Kulala anaweza kulala, ila umwamshe kila baada ya muda, umwulize jambo analolijua vizuri. Akitapika tena na tena, au akisema yasiyoeleweka, au ikiwa haamki, mlete hapa mbio.

Aliyasema hayo taratibu, na nina hakika aliyasema yote kama nilivyoyaandika. Lakini mimi nilirudi nyumbani na neno moja tu, mbio. Mengine yote yaliniponyoka njiani.

Bi Tausi alikuwa ametandika mkeka uani. Akamweka mtoto katikati ya magoti yake, akafumua nywele zote ili auone uvimbe. Ulikuwa kama yai la njiwa. Alikuwa amemsuka msuko ule wanaouita twende kilioni. Tangu zamani silipendi jina lile, na Jumanne nilisimama nikiangalia kila ukili unavyofumuliwa, nikaomba afanye haraka, kana kwamba jina likitoka kichwani na balaa litatoka.

Nilipomwambia ya dresa, Bi Tausi akaacha kufumua.

"Alale? Mtoto aliyeangukia kisogo halali, Baba Mwanaidi. Akilala, damu inatuama."

"Dresa kasema anaweza, Bi Tausi."

"Dresa ana mtoto?"

"Sikumwuliza."

"Basi mimi nimezaa tisa."

Wakati huo jua limepanda, ua unawaka, na macho ya Mwanaidi yanafumba yenyewe. Akaniegemea pajani, akasema, "Baba, niache nilale kidogo."

Zuhura, yalikuwa maneno yako.

Mpaka Jumanne ile sikuwa nimemwambia mtu hili. Watu wanajua kwamba uliugua homa siku mbili na siku ya tatu ukatutoka, basi. Hawajui kwamba mchana ule uliniambia, "Niache nilale kidogo, nikiamka nitakuna nazi." Nami nikafurahi. Nikasema moyoni, mgonjwa akipata usingizi amepona. Nikarudisha mlango polepole usilie. Nikakaa barazani na sindano yangu, na watoto wa jirani walipokuja kucheza nikawafukuza wasikuamshe. Mchana kutwa nilikuwa nalinda usingizi wako. Nilikuwa nalinda kitu gani, mke wangu?

Kwa hiyo Mwanaidi sikumwacha. Nikamsimamisha. Nikamtembeza uani, kutoka chooni hadi jikoni, kutoka jikoni hadi chooni. Nikamnawisha maji usoni. Akilegea namtikisa. Nikamwambia tuhesabu, akafika ishirini akaanza kulia, na kilio kile cha kuchoka kilinifurahisha, ona nilivyokuwa, nilifurahi kwamba analia kama mtoto anayeumwa. Kisha akanyamaza, akawa ananifuata tu kama kitambaa. Nikiuliza, hajibu. Nilijua ninamtesa. Sikujua kama ninamtesa ili aishi, au ninamtesa bure.

Ndipo akaja Mihayo.

Wewe na Mihayo mlichekana miaka yote, huyu Mnyamwezi wetu anayevuta mkokoteni sokoni. Huna haja nikukumbushe utani wa Wanyamwezi na sisi Wazaramo. Lakini hukuona alivyokuzika. Wenzake walipokwisha kuchimba, aliteremka shimoni akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe kilicho chake, ada ya mtani; pazuri hapa, kuna baridi, Wazaramo mnawaficha watu wenu pazuri. Mpaka akapewa. Na mkono wa mwisho wa udongo uliporudishwa, akajifunga kanga yako, akachukua ndoo kichwani, akatembea kama ulivyokuwa ukitoka bombani, ukimpigia kila mtu salamu bila kugeuza shingo. Mama yako mzazi alicheka huku machozi yanamtoka. Na mimi nilicheka. Kwa muda ule mfupi nilikuona.

Basi Jumanne aliingia uani bila hodi, jasho linamtiririka, kifua wazi.

"Nimesikia kuna Mzaramo kavunja simenti ya Serikali kwa kichwa," akasema. "Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, yuko njiani. Mtalipa, au mtatoa kichwa kingine?"

Bi Tausi akacheka. Mimi sikucheka. Mihayo akachuchumaa mbele ya Mwanaidi, akamtazama kwa muda. Labda nami ningemtazama yeye uso, nisingefanya nilichofanya. Lakini niliangalia mkono wake. Aliunyoosha, akaanza kumpima mtoto kutoka wayo kwenda juu, dhiraa kwa dhiraa, vile wanavyompima mtu wa kuchimbiwa.

"Huyu mfupi," akasema. "Shimo lake nitalimaliza kabla ya chai."

Sijui nilivyoinuka. Nilimkamata shingoni, nikamsukuma kwenye ukumbi mzima hadi mlango wa mbele, nikamtupa barazani. Nikamwita mchawi. Nikamwambia, ulimzika mama na sasa umekuja kumfuata mtoto, usikanyage tena hapa. Yeye ana nguvu za kunibeba mimi na godoro, lakini hakuinua mkono. Alisema tu, "Haya, Mzaramo."

Niliporudi uani Bi Tausi alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

"Umemfukuza mtani? Na mgonjwa yuko ndani?"

Nikamrudia Mwanaidi.

"Mtani hakasirikiwi, Baba Mwanaidi. Yeye akitamka kifo, kifo kinaona haya. Umemtoa, sasa nani atakitania?"

Mke wangu, mimi nimesoma hadi darasa la nne na naswali. Lakini maneno yale yaliniingia kama maji kwenye sufi. Nilihisi nimefungua mlango ambao watu wote wa kwetu, tangu babu zetu, wameushikilia kwa kicheko, na mimi nimeufungua kwa hasira. Na kana kwamba kuna aliyetusikia, Mwanaidi akainama akatapika.

Mara moja tu. Yalikuwa maji na uji wa asubuhi. Alipomaliza akajifuta mdomo kwa mkono wangu, akafumba macho, na safari hii sikuweza kumzuia. Nilimwita, nikamtikisa, Bi Tausi akampulizia usoni. Akalala. Shingo ikawa nzito mkononi mwangu.

Nikakaa naye. Nikaweka kiganja puani pake. Nikaanza kukumbuka ya dresa, moja baada ya jingine: akitapika tena na tena. Mara moja si tena na tena. Umwamshe, umwulize. Nilingoja kwa kadiri ya mtu kushona upande mmoja wa godoro, kisha nikamwamsha. Akafumbua jicho moja.

"Unaitwa nani?"

"Mwanaidi."

"Mama yako anaitwa nani?"

"Zuhura."

Akalala tena. Na mimi nikabaki na jina lako limening'inia uani. Hatujalitaja katika nyumba hii tangu arobaini yako. Sisi husema marehemu, au mama yako. Bi Tausi aligeukia jikoni, akafanya kama anatafuta chumvi.

Mara ya pili nilipomwamsha, ulimi ulinikosea. Nilitaka kuuliza jina, nikauliza, "Mama yuko wapi?"

Akasema, macho yamefumbwa, "Yuko bombani. Ananingoja na kopo."

Nikasema, "Mwanaidi." Kimya. "Mwanaidi!" Kimya, na kucheka kidogo, kama mtu anayemcheka mwingine nisiyemwona mimi.

Sikumngoja Bi Tausi. Nilimnyanyua nikakimbia naye, sina viatu wala kanzu, nikapita ukumbini gizagiza nikatokea barazani. Na pale barazani alikuwa amekaa Mihayo. Mkokoteni wake umeegeshwa mbele ya mlango, umeelekezwa upande wa zahanati, magunia matupu yametandikwa ndani, na juu ya magunia shati lake limekunjwa pa kuweka kichwa. Alikuwa ameacha kazi tangu nilipomtupa nje. Mchana wote ule, wa soko kujaa, alikaa pale akingoja mlango ufunguliwe.

Yeye alisema neno moja, "Weka."

Nikaweka. Akashika mikono ya mkokoteni tukakimbia, yeye mbele na mimi pembeni nimekishika kichwa cha mtoto kisirukeruke. Unakumbuka mchanga wa mtaa wetu ulivyo, magurudumu yanazama. Watu wakatupisha. Mwuza kahawa akainua birika lake juu. Mimi nilikuwa nakuita wewe, si Mungu, anisamehe. Nilikuwa nasema, Zuhura, usimchukue. Una haki ya kuwa mpweke huko, lakini huyu niachie. Nilikuambia maneno mabaya pia. Kama uliyasikia, ni ya mtu anayekimbia.

Tulipokaribia kona ya Msimbazi gurudumu likaruka kwenye jiwe. Mwanaidi akashtuka, akakaa. Akaangalia magunia. Akaangalia mgongo wa Mihayo, umelowa.

"Baba," akasema, upepo unapita pengoni, "mbona nimepakiwa kama mihogo? Huyu Mnyamwezi ananipeleka kuniuza?"

Mihayo akasimama papo hapo katikati ya njia. Hakugeuka.

"Nani atamnunua Mzaramo?" akasema. "Hata bure hamchukuliki."

"Wewe mwenyewe ulinunuliwa kwa chumvi," akasema mwanao.

Nikaona mabega ya Mihayo yanatikisika. Nilidhani anacheka. Nikaenda mbele yake nimwone, na hakuwa anacheka. Nikamshika mkono, tukasimama hivyo wanaume wawili vifua wazi kwenye jua, mpaka mwenye gari la maji akatupigia kelele tuondoke njiani.

Tulifika kwa dresa hata hivyo. Akamulika tena, akamtembeza tena kwenye mstari. Nilipomweleza maneno ya mama kumngoja bombani, akafikiri, akaniambia mtoto akiamshwa katikati ya ndoto husema ya ndotoni, na kutapika mara moja kumepita. Ila tuendelee kumwangalia siku mbili tatu. Nikamwuliza kama ana mtoto. Akacheka, akasema wa kwanza yuko njiani.

Kwa Mihayo nimetozwa faini ya kumkasirikia mtani. Alitaka jogoo. Mwanaidi akamwambia atapewa yai, tena akalilalie mwenyewe hadi liwe jogoo. Nimempa jogoo, na nilipompa nilitaka kusema jambo, akanizuia. Akasema, "Nilikuwa naogopa, Mzaramo. Mimi nikiogopa napima."

Leo ni Ijumaa. Uvimbe umeshuka, umebaki kama kokwa ya ukwaju. Lakini sikudanganyi, woga haujashuka. Akicheka sana naogopa. Akinyamaza naogopa zaidi. Akikosea kuhesabu, naacha sindano. Kibandani nimemweka mbele yangu siku mbili hizi, na kila mara namwuliza, mama yako anaitwa nani? Jana aliacha sufi yake, akanitazama kwa huruma, akasema, "Zuhura. Baba, wewe umemsahau?"

Nikamwambia sijamsahau. Akasema, basi nieleze yukoje, maana mimi naanza kusahau sauti. Tukakaa kibandani hadi alasiri, kazi haikuendelea. Nikamweleza ulivyokuwa unaimba vibaya ukifagia. Nikamweleza ulivyomwogopa mjusi na hukumwogopa askari. Yeye akanieleza mambo ambayo sikuyajua, kwamba ulikuwa ukimpa ukoko wa wali kwa siri na kumwambia usimwambie baba yako. Zuhura! Na mimi niliupenda ule ukoko.

Hata mchana wako wa mwisho nimemweleza, kwa maneno ya mtoto. Nilimwambia baba alidhani mama amelala tu. Alinitoa sufi sikioni, akaendelea na kazi yake.

Kesho Jumamosi chuo cha Kurani kinafunguliwa, naye anataka kurudi. Ubao wake ameuosha tangu asubuhi. Mwalimu nimemweleza. Njia unaijua, ni kuvuka barabara moja na kupita mbele ya duka la Mhindi wa vitambaa. Nilitaka nimzuie mpaka mwezi upite. Nilitaka nimfuate hadi ndani, nikae mlangoni na sindano yangu nimwangalie akisoma. Lakini leo alipolala mchana, nilimwacha akalala mpaka akashiba usingizi. Nilikaa pembeni, sikumgusa, na akaamka mwenyewe akisema ana njaa.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Kesho nitamvusha barabara. Nitasimama kwenye ile kona mpaka nimwone ameingia chuoni, halafu nitageuka niende kazini. Keshokutwa pia nitasimama, labda na siku nyingi baadaye, usinicheke. Lakini sitavuka kona. Yeye atakwenda mbele, na mimi nitajifunza kusimama.

Pumzika, mke wangu. Mungu akulaze panapokufaa. Safari hii nakutakia usingizi kwa moyo wote.

Mimi mumeo,
Baba Mwanaidi